Mwanangu, Umeniuliza Kuhusu Macho ya Baba Yako

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza kugonga mabati, na baba yako yuko nyuma ya jiko anachimba ule mtaro ambao ameahidi kuuchimba tangu harusi ya dada yako.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa peke yangu, kama ulivyoomba. Umeuliza: "Mama, baba bado anafaa kushika usukani, au wakati umefika tumwombe ufunguo?" Halafu ukaongeza kwamba akikataa kuutoa, uko tayari kuuza kile kiwanja cha Dodoma umnunulie gari la kisasa lenye kamera kwenye kioo, linalojifunga breki lenyewe na kupiga kelele likitoka kwenye mstari. Umeuliza kwa adabu, sina lawama. Ila kila nikikaa kukujibu hilo, najikuta najibu jingine.

Maana wewe unataka kujua kama macho ya baba yako yanatosha, na mimi kwa umri wangu huu sijamwona bado dereva ambaye macho yake yanatosha.

Najua unacheka. "Mama kaanza." Ndiyo, nimeanza. Gari haliendeshwi na mtu mmoja. Nililisema hili mkiwa mnagombea dirisha kwenye ile pikapu ya buluu, nitalisema mpaka mnizike.

Kwanza nikupe hesabu, kwa sababu chaki ilinitoka mikononi lakini kichwani haikutoka. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gawanya kwa 3.6, unapata mita 22 kila sekunde. Mtu mwenye afya, aliyelala vizuri, tangu aone kitu mpaka mguu wake uguse breki, inapita sekunde moja, wakati mwingine moja na nusu. Chukua moja na nusu. Gari limekwenda mita 33 likiwa bado halijaambiwa kitu. Breki haijaanza kazi, hujaweka mzigo, hujaweka lami iliyolowa. Nilikuwa nawatoa watoto wa darasa la saba nje wapime hizo mita 33 kwa hatua pale uwanjani, mmoja asimame huku, mwingine kule mwisho. Sikuwa na haja ya kuwaambia wanyamaze.

Na hilo jicho lenyewe. Nyoosha mkono wako sasa hivi, tazama ukucha wa kidole gumba. Upana kama huo ndio pekee ambao jicho linauona kwa ukali. Pembeni kote ni ukungu, na ubongo unaujazia kwa mazoea. Jicho linaruka huku na huku likiokota vipande, na kila linaporuka kuna kitambo kidogo sana ambacho haliokoti kitu, wala mwenyewe hujui. Hayo si maradhi ya wazee. Ni yako pia, wewe wa miaka 34 usiyejua hata duka la miwani liko wapi.

Sasa ngoja nikueleze habari ya majani.

Unadhani unaijua. Umeisikia kila Idd, umeisikia kwenye arusi ya mjomba, umeisikia hata siku tulipopeleka posa yako, mbele ya wakwe, nami natafuta pa kujificha. Baba yako huisimulia amesimama, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Inaanza, "Usiku wa manane, tumeiacha Nyakanazi nyuma..." na inaishia, "...hapo ndipo nikayaona majani!" Wageni wanapiga makofi. Mimi huwa nakumbuka ghafla kwamba kuna wali jikoni.

Hakuyaona, mwanangu. Majani niliyaona mimi.

Ilikuwa Desemba 1997, shule zimefungwa, mvua ya El Niño inamwagika kama aliye juu amesahau kufunga. Baba yako alikuwa anaendesha Fuso la yule tajiri wa Mwanga, na mimi kila likizo nilikuwa napakia magunia yangu ya dagaa wa Kibirizi na madumu ya mawese, tunapeleka Kahama. Mshahara wa mwalimu ulikuwa unafika ukiwa umechoka. Wewe na dada yako mlibaki kwa bibi hapa Ujiji. Lami ya kutoka Kidahwe kwenda Kasulu, Kibondo na Kakonko, hii mnayopita leo mkila karanga, wakati ule ilikuwa ndoto. Tope mwanzo mwisho. Utingo anashuka na jembe, anapanda, anashuka tena. Magari yalikuwa yanasubiriana yaende kwa msafara, maana majambazi walikuwa wengi kule porini, na zilikuwa zama za wakimbizi, malori ya misaada yamezichimba barabara zikawa mahandaki.

Katika tope lote lile baba yako hakusinzia hata mara moja. Hili uliweke akilini. Kwenye tope dereva anapigana na usukani, gia zinalia, mwili mzima uko kazini. Tulipofika Nyakanazi tukashika lami, ile barabara kuu ya magari ya Rwanda, gari likatulia, sauti ya injini ikawa moja tu, haipandi wala haishuki. Utingo akapanda juu ya mzigo, akajifunika turubai, akalala. Watu wanaogopa barabara mbovu, mimi naogopa ile nzuri, iliyonyooka, saa nane ya usiku.

Nilijua kazi yangu. Nilikuwa naongea. Nilimuuliza bei ya ekseli, nikamuuliza mama yake alikuwa anapikaje mgebuka, nikamuuliza 17 mara 8. Akajibu 136, akacheka. Tukapita Ushirombo. Halafu maneno yakaniishia, kama yanavyomwishia mtu yeyote, tukanyamaza.

Nilimtazama. Nakuapia, macho yalikuwa wazi. Mgongo umenyooka, mikono miwili kwenye usukani, gari liko upande wake halijayumba hata kidogo. Ungemwona ungesema huyu ndiye dereva. Nikarudisha macho mbele, na pale taa zinapoishia nikaona kitu cha kijani kwenye lami. Fungu la matawi mabichi. Mbele yake jingine.

Wewe umekulia njia hizi, sina haja ya kukufundisha lugha ya matawi. Hakuna dereva wa lori anayekata matawi usiku kwa kupenda. Fungu la kwanza lina maana kuna gari limekufa mbele. Nikasubiri mguu wake uhame. Haukuhama. Tukalipita fungu la kwanza. Nikapiga kelele "Majani!" nikampiga paja kwa nguvu zangu zote.

Alishika breki. Hilo simnyimi: aliposhika, alishika kama fundi, akazipiga na kuziachia, magurudumu hayakujifunga, mzigo ukaguna nyuma yetu, dumu moja likapasuka, na yule utingo akaamkia hewani. Tulisimama nyuma ya semi lililokuwa limezima katikati ya njia, halina taa hata moja. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisoma namba zake bila kuinama. Dereva wake alikuwa amelala chini ya tela.

Sijapata pumzi, baba yako akasema, "Nimeyaona."

Hakusema ahsante wala hakuuliza kama nimeumia. Nimeyaona. Akashuka kumgombeza yule dereva wa semi. Alfajiri tukanywa chai Masumbwe, na pale hotelini akawasimulia wenzake jinsi alivyoyaona. Tulipofika Kahama hadithi ilikuwa imeota mbawa: fungu la kwanza aliliona tangu mbali, akapunguza mwendo, akamwambia utingo ajishikilie. Na mimi, katika hadithi hiyo, unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa nimelala. "Mama yenu huyu hapa, anakoroma." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na miaka 32, nina mume msimuliaji, ningefanya nini?

Kwa miaka mingi niliamini ananidanganya kwa makusudi. Nilikuwa namtazama akisimulia, nikisubiri jicho lake linikwepe. Halikuwahi kunikwepa. Nimekuja kuelewa juzijuzi tu, mdogo wako aliporudi likizo na yale masomo yake ya saikolojia. Nilimsimulia yote, nikijua atanionea huruma. Badala yake akaniambia, "Mama, baba hasemi uongo." Akanieleza kwamba ubongo uliochoka unaweza kuzimika sekunde chache na macho yakabaki wazi, na ukiwaka tena hauweki alama pale ulipozimika. Mwenyewe haoni pengo lolote. Jambo la mwisho kabla na jambo la kwanza baada vinashikana. Kwa hiyo baba yako alikuwa anaendesha, akayaona majani, akafunga breki. Kwake ndivyo ilivyokuwa. Kelele zangu na kofi langu vilianguka ndani ya lile pengo.

Ikaniuma kuliko mwanzo. Muongo unaweza kumdai. Huyu hajui kwamba ana deni kwangu, nitamdai vipi?

Lakini tazama hili linavyogusa swali lako. Ukimuuliza dereva yeyote, kijana kwa mzee, "Ulisinzia?" atakuambia hapana, na atakuwa anasema kweli anayoijua. Ndiyo maana nasema gari haliendeshwi na mtu mmoja. Mtu hawezi kuwa shahidi wa usingizi wake.

Mjomba wako wa Tabora, aliyeendesha treni reli ya kati mpaka anastaafu, walikuwa hawaishi kubishana na baba yako juu ya hili. Alikuwa anasema wenye reli walikubali zamani kwamba binadamu anazimika, wakamwekea dereva kanyagio la ulinzi: asipolishughulikia kama inavyotakiwa, king'ora kinalia, akiendelea kunyamaza treni inajifunga breki yenyewe. "Na sisi njia yetu ni ya chuma, usukani hatuna," anasema, "nyie wenye usukani mmeachiwa Mungu." Baba yako anajibu kwamba kanyagio ni la wavivu. Kisha wote wawili wanageuka kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye jaji, nami nawaongezea chai.

Nilikuwa na jibu. Kanyagio la Fuso lile nilikuwa mimi.

Haya, sasa gari lako la kamera. Nisiwe mnafiki: laiti Fuso lile lingekuwa nalo hilo jicho la umeme, huenda lingelikuta lile semi na kufunga breki hata mimi nikiwa bubu. Silidharau. Likimwokoa mtoto mmoja wa watu pale Mwandiga, limerudisha pesa yake. Ila nina maswali. Mstari mweupe linaoufuata, litaukuta wapi kwenye vichochoro hivi vya Ujiji? Yule mtu wa Kasulu anayesukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi mpaka baiskeli haionekani, litamwita nani? Na matawi je? Litaona takataka barabarani, au litajua kwamba kuna mtu mbele huko aliyehangaika gizani kukata matawi ili wewe usife? Lori la mbele likikuwashia indiketa ya kulia, litaelewa kwamba linakuambia usipite, kuna gari linakuja?

Na hata lingejua yote hayo, wenyewe waliolitengeneza wanaandika kwenye kitabu chake kwamba dereva asiondoe akili barabarani. Sasa hapo ndipo wananichekesha. Mdogo wako alinieleza habari za Mwingereza mmoja, Norman Mackworth, aliyefanya utafiti wa walinzi wa rada enzi za vita kuu ya pili. Aliwakalisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja unaotembea kwa hatua, na mara mojamoja unaruka hatua mbili. Kazi yao ilikuwa kusema tu umeruka. Matokeo aliyatoa mwaka 1948: ndani ya nusu saa watu wazima, wenye akili zao, wanaotaka kufanya kazi vizuri, walikuwa wameshaanza kuikosa ile miruko. Nusu saa, mwanangu! Binadamu akipewa kazi ya kufanya anaweza. Akipewa kazi ya kulinda kitu ambacho karibu kila mara kiko sawa, anaondoka huku amekaa. Na wewe unataka kumpa baba yako mashine aikalie hivyohivyo, yeye aliyebaki macho kwa sababu tu mashine zake zote zilikuwa mbovu.

Hapo nimekwenda mbali kidogo. Sijui. Wengine watazeeka na magari hayo na watashukuru.

Turudi kwa baba yako. Jicho la kushoto alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, unakumbuka, wewe ndiye uliyetuma pesa. Daktari alituambia wazi: mtu wa miaka 60 nuru inayofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi moja ya ile ya kijana wa miaka 20. Baba yako ana 71. Taa za gari linalokuja zikimpiga, anachukua muda mrefu kurudi. Tangu hapo haendeshi baada ya magharibi. Hakuna aliyemkataza. Anasema ni kwa sababu ya bodaboda wasio na taa, na mimi namwachia sababu hiyo, mzee naye ana heshima yake. Anakwenda Kibirizi, anakwenda msikitini, mara mojamoja Kasulu kufuata ndizi, mchana, kwa mwendo ambao madereva wa Hiace wanampigia honi na kumtukania mama.

Na ana vitu ambavyo huwezi kuvinunua. Akikaribia shule anapunguza hata siku ya Jumapili. Anamtazama mwendesha baiskeli begani, si kwenye gurudumu, anasema bega ndilo linaloinama kwanza kabla mtu hajakata kona. Mpira ukivuka barabara yeye ameshasimama anamsubiri mtoto anayeufuata. Kijana mwenye macho mazima anatazama kila kitu na hajui kipi kitamuua. Baba yako anatazama vichache.

Basi ningekuambia mwache, sivyo? Sasa sikiliza la mwezi uliopita.

Tulikuwa tunatoka Mwanga, jua kali, hakuna haraka. Upande wa kulia akatokea kijana na baiskeli, ana madumu mawili ya mawese nyuma, anakuja kukata mbele yetu. Nikasema, "Baiskeli." Baba yako akapunguza, kijana akapita, akatupungia mkono. Baba yako akasema, "Nimeiona."

Neno lilelile, sauti ileile. Nami nikakaa na lile neno mpaka nyumbani. Aliiona? Labda aliiona kabla yangu, mguu ulikuwa njiani. Labda aliiona kwa sababu nilisema. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo linanikosesha usingizi tangu siku hiyo: mimi sijui. Miaka yote hii nimekuwa nikisema kwanza. Tuta, mbuzi, trafiki, mtoto, kona. Sijawahi kukaa kimya nikaona yeye mwenyewe anaona nini. Ukiniuliza mimi kama baba yako anafaa kuendesha, unamuuliza mtu pekee ambaye hajawahi kumwona akiendesha peke yake.

Nifanyeje? Ninyamaze siku moja nijue? Na kama siku hiyo ndiyo kuna mtoto wa watu barabarani? Jaribio gani hilo? Nimelijaribu jana, kwa kweli. Tulikuwa tunakwenda sokoni na nilijiapia nisiseme kitu. Nilifika kwenye tuta la kwanza.

Kwa hiyo neno lako la ndiyo au hapana, nimeliandika hapa nikalifuta. Nikaliandika jingine, kinyume chake, nikalifuta hilo pia. Linaniwasha ulimini. Nina rai, usidhani sina, na unanijua si mtu wa kumeza rai. Lakini mimi ndiye nitakayekaa naye hapa siku ya kwanza bila ufunguo, na ya pili, na zote zinazofuata, yeye akitazama geti. Na mimi ndiye nitakayekaa naye kitini siku akishindwa kuiona ile baiskeli. Rai inayotoka kwa mtu aliyebanwa pande zote mbili hivyo, usiifanyie kazi.

Nilitaka niishie hapo. Lakini umenigusa, wacha niseme na hili, hata kama hukuuliza.

Idd iliyopita ulikuja kwa gari lako kutoka Dar. Ulituambia kwa fahari kwamba ulitoka kazini jioni ukaunganisha moja kwa moja. Zaidi ya kilomita 1,200. Mkeo na watoto wamelala nyuma, kiti cha mbele umeweka begi la kompyuta na kreti ya soda. Simu kwenye dashibodi inakuonyesha njia ya kwenu, ambayo unaijua tangu unanyonya, na katikati ya njia, uliniambia mwenyewe, ukapokea simu ya bosi mkaongea mpaka ukaipita Manyoni. Ukadhani kwa kuwa mikono ilikuwa huru, akili nayo ilikuwa huru.

Siku hiyo uliamka saa kumi na moja alfajiri. Ulipofika Dodoma ilikuwa saa saba usiku, umekaa macho saa 20. Watafiti waliopima watu waliokaa macho saa 17 waliwakuta wanafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kushika usukani. Wewe, ambaye hujawahi kuonja pombe maisha yako yote, ulivuka Dodoma na wajukuu zangu ukiwa katika hali hiyo. Ukasema ulifungua dirisha na ukaweka muziki mkubwa. Dirisha haliamshi mtu, mwanangu, linampa baridi tu. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, kulala dakika 20. Baba yako alilijua hilo bila mtafiti, alikuwa anaegesha kwenye kituo cha polisi na kuweka jiwe gurudumuni.

Na nilikuuliza, kama unakumbuka, tukiwa tunashusha mizigo. Nilikuuliza, "Hukusinzia njiani?" Ukanijibu nini? Ukacheka, ukasema, "Hapana mama, nilikuwa macho mwanzo mwisho."

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, utaona hata serikali inataka ya safari ndefu yawe na madereva wawili. Najua utasema yule wa pili huwa amelala kitandani nyuma, kwa hiyo ni mmoja tu. Kweli, hilo nimelifikiria, na sina jibu lake zuri. Lakini angalau mtu aliketi ofisini akakubali kwamba mmoja hatoshi. Wewe gari lako ni dogo, hakuna ofisi inayokupangia. Ofisi yako ni yule mkwe wangu, na umemweka nyuma na watoto.

Sasa sikiliza ninavyotaka. Kiwanja usiuze bado. Mje mwezi wa kumi na mbili. Mpande treni ya umeme mpaka Dodoma, mlale, asubuhi mshike basi. Mkishafika, twende Kasulu na baba yako, mchana. Wewe ukae mbele kwenye kiti changu, na mimi nikae nyuma na wajukuu, na kama nitashindwa kunyamaza mkeo anizibe mdomo. Utamtazama mwenyewe kwa macho yako, kwenda na kurudi. Ukiona la kusema, mwambie wewe, kwa heshima, mkiwa wawili, si kwenye simu wala si mbele ya mjomba wako. Usinitume mimi.

Na akianza hadithi ya majani mbele ya watoto, mwache aimalize.

Dagaa nimempa konda wa basi la Jumanne asubuhi, mfuko wa bluu, nimeandika jina lako na namba yako kwa kalamu nene. Nenda stendi mapema, usisubiri wakupigie, mara ile waliuacha juani siku nzima. Nusu ni ya dada yako, usijifanye umesahau.

Mama yako,
Ujiji